UZI: Cinque Terre, vijiji vitano vya wavuvi kwenye magenge ya Italia. Usafiri, tiketi, njia za miguu, bahari na chakula

Jabali la Pwani

Wakuu, salaam. Maswali ya Cinque Terre yametapakaa kwenye nyuzi za Italia, mtu anajibiwa nusu huku na nusu kule. Tuyakusanye hapa. Wanaoijua reli ya kule, bahari ya kule na milima yake wasisite kuongeza au kusahihisha.

Mahali penyewe ni Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, mkoa wa La Spezia. Ukishuka na pwani kutoka kaskazini unakutana na Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola, halafu Riomaggiore. UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997 pamoja na Portovenere na visiwa vya Palmaria, Tino na Tinetto. Hifadhi ya Taifa ya Cinque Terre ikaanzishwa mwaka 1999.

Picha mmeziona: nyumba ndefu nyembamba, zimebanana juu ya jabali, moja waridi, nyingine chungwa, nyingine njano iliyokoza, madirisha yana vibao vya kijani. Ambacho picha hazioneshi ni kwamba hapa hakuna tambarare. Kila kitu ni ngazi. Na watu ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo siku yako inaamuliwa na mambo matatu: saa ya kufika, hali ya bahari na hali ya mlima. Ukiyapanga hayo, mengine yanajipanga.

Kufika. Njia sahihi ni treni. Reli ya pwani imepita hapa tangu miaka ya 1870, na sehemu kubwa iko ndani ya mahandaki. Kutoka Pisa Centrale hadi La Spezia Centrale ni kama saa moja na dakika kidogo. Kutoka Firenze hesabu saa mbili na nusu, kutoka Milano karibu saa tatu. Ukitokea Genova unaingilia upande wa Levanto au Monterosso. Ukishafika La Spezia au Levanto unapanda treni ya mkoa iitwayo Cinque Terre Express, inayosimama vijiji vyote vitano. La Spezia hadi Riomaggiore haifiki dakika kumi, na kutoka kijiji hadi kijiji ni dakika mbili hadi tano. Msimu mkubwa (katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba) treni zinafuatana kwa karibu, wakati wa baridi zinapungua.

Gari achaneni nalo. Ndani ya vijiji haliingii, maegesho ya juu ni machache na yanajaa mapema, barabara ni nyembamba na za kona kali. Mwenye gari la kukodi aliache La Spezia au Levanto. Angalieni pia mabango ya ZTL, yaani eneo ambalo magari ya wasio na kibali hayaruhusiwi, maana kamera zinasoma namba ya gari na faini inakufuata hadi kwa kampuni ya kukodisha.

Mshika Bendera

Mkuu Jabali umefungua vizuri. Niongeze kwenye tiketi, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapotea.

Kuna tiketi ya safari moja na kuna kadi. Kadi ziko mbili. Ya kwanza, Cinque Terre Treno Card, inakupa treni bila kikomo kati ya Levanto na La Spezia daraja la pili, njia za miguu zinazolipiwa, basi ndogo za vijijini na vyoo vya stesheni. Ya pili, Trekking Card, ina njia na basi lakini haina treni.

Bei inabadilika kwa rangi ya siku kwenye kalenda: siku tulivu, siku za kati, siku za msongamano. Kwa viwango vya 2024, safari moja ya treni ilikuwa yuro 5, 8 au 10, na Treno Card ya siku moja kwa mtu mzima yuro 19.50, 27 au 32.50. Trekking Card ya kawaida ilikuwa yuro 7.50. Bei mpya mtazitazama wenyewe, ila hesabu ni hii: ukipanda treni mara nne, kadi inakulipa siku yoyote. Ukipanda mara tatu na kutembea kipande kimoja cha njia ya kulipia, bado kadi inakulipa. Ukipanda mara mbili tu na kutembea, nunua Trekking Card na tiketi mbili.

Sasa kinachokamatisha watu. Kadi ya karatasi haina uhai mpaka uandike jina lako na kuigonga kwenye mashine ya stesheni kabla ya safari ya kwanza. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa nayo lazima igongwe kabla ya kupanda. Ya simu inahitaji kuthibitishwa kwa kubonyeza kabla treni haijaondoka, kununua peke yake hakutoshi. Wakaguzi wa mstari huu wako kila siku na hawasikilizi "mimi mgeni". Na kadi ya siku moja inaisha saa sita usiku, haihesabu saa ishirini na nne. Ukiigonga saa kumi jioni umejipunja.

Binti Mikindani

Shukrani Mshika Bendera. Naomba kuuliza: kati ya hivyo vijiji vitano, mtu mwenye siku moja avione vyote? Na mzee wa miaka sabini, magoti yanamsumbua, apelekwe kipi?

Jabali la Pwani

Dada, siku moja vitano vinawezekana kwa treni, lakini utakuwa unaona majukwaa ya stesheni kuliko vijiji. Vitatu vinatosha.

Kwa mzee: Monterosso. Ndicho chenye sehemu tambarare, ndicho chenye ufukwe mpana wa mchanga (upande wa Fegina, stesheni inatazama bahari moja kwa moja), na mji wa kale unafikiwa kwa kupita handaki fupi la waenda kwa miguu, hakuna kupanda. Mwisho wa ufukwe kuna Il Gigante, sanamu ya Neptuni ya mwaka 1910 yenye urefu wa mita 14, mabomu ya vita na mawimbi vimeikata mikono. Mshairi Eugenio Montale, aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 1975, utotoni alikuwa akiletwa hapa majira ya joto. Familia yake ilikuwa na nyumba Fegina.

Cha pili kwa mzee ni Vernazza: kutoka stesheni hadi bandarini ni barabara moja inayoshuka taratibu. Akae uwanjani pale, mbele yake mashua, kando yake kanisa la Santa Margherita d'Antiochia ambalo msingi wake umekanyaga bahari. Kupanda mnara wa ngome ya Doria amwachie mjukuu.

Corniglia asipelekwe kwa miguu kutoka stesheni. Kijiji hiki peke yake hakiko majini, kimekaa juu ya rasi kama mita mia moja, na ngazi iitwayo Lardarina ina vidato zaidi ya 370 katika mizunguko 33. Kuna basi dogo linalopandisha na limo kwenye kadi, ila ni dogo kweli, treni ikimwaga watu mia basi linachukua wachache. Anayetaka basi ashuke kwenye behewa lililo karibu na mlango wa kutokea, asisimame kupiga picha kwanza.

Mshika Bendera

Nyongeza kuhusu kushuka: majukwaa ya Vernazza na Riomaggiore yana sehemu zilizo ndani ya handaki. Treni inasimama, dirishani unaona ukuta mweusi, watu wanadhani bado. Milango inafungwa, wanapelekwa kijiji kinachofuata. Ukisikia jina limetangazwa, shuka. Tena mlango haufunguki wenyewe, una kitufe. Na wezi wa mifukoni wanafanya kazi hapo hapo mlangoni, wakati wanaoshuka na wanaopanda wanasukumana. Begi liwe kifuani.

Mkwea Milima Meru

Tuje kwenye njia za miguu, maana watu wanaona maandishi "kilomita tatu na nusu" wanadhani ni matembezi ya jioni.

Njia maarufu ni Sentiero Azzurro, inayofuata pwani. Vipande vinavyolipiwa na kutembewa sana ni viwili.

Monterosso hadi Vernazza, kama km 3.5, weka saa mbili. Ukianzia Monterosso unakutana na mamia ya vidato mwanzoni kabisa, vya mawe, vimo havilingani, ukingo upande wa bahari mara upo mara haupo. Ukishapanda, kilichobaki ni kupanda na kushuka kidogo kidogo hadi Vernazza inapotokea chini yako. Siku za msongamano hifadhi huweka mwelekeo mmoja kwa saa fulani, kutoka Monterosso kwenda Vernazza, kwa sababu kuna mahali watu wawili hawapishani. Kwa hiyo panga kuanzia Monterosso hata kama umelala Riomaggiore.

Vernazza hadi Corniglia ni karibu km 4, saa moja na nusu hadi mbili. Kilele chake ni Prevo, zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Hiki kina kivuli cha mizeituni, ni cha haki zaidi kwa mtu wa kawaida.

Corniglia hadi Manarola kwa chini pamefungwa miaka mingi kwa maporomoko. Msidanganywe na ramani za zamani. Njia iliyopo ni ya juu, kupitia Volastra: km 6 hivi, saa mbili na nusu hadi tatu, inavuka mita 300 kwa kimo. Na mimi naitetea kwamba ndiyo nzuri kuliko zote, maana unapita katikati ya mizabibu yenyewe, bahari iko chini ya kiwiko chako cha kushoto au kulia kutegemea unakotoka. Mbinu: panda basi Manarola hadi Volastra, halafu tembea kuelekea Corniglia. Mpando mkali unaukwepa wote, sehemu kubwa inabaki tambarare na mteremko. Lakini mteremko wa mwisho wa kuingia Corniglia unakula magoti, fimbo ya kutembelea isaidie.

Riomaggiore hadi Manarola ni Via dell'Amore, chini ya kilomita moja, imechongwa kwenye jabali, sakafu laini. Ilifungwa Septemba 2012 baada ya mawe kuanguka na kujeruhi watalii, ikakaa karibu miaka kumi na miwili ikifungwa nyavu na kupigwa nondo mwambani, ikafunguliwa tena kiangazi cha 2024. Huingii kiholela: unaweka nafasi ya saa maalumu mtandaoni na kulipa nyongeza juu ya kadi. Nafasi za jioni zinaisha kwanza.

Viatu. Ndala, kandambili na viatu vya wazi vimepigwa marufuku njiani, na faini inaanzia yuro 50 hadi 2,500. Marufuku imewekwa kwa sababu waokoaji wanapaswa kumbeba aliyeteguka kifundo cha mguu juu ya vidato hivyo hivyo, na mara nyingine helikopta inaitwa. Soli iwe yenye meno. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu Julai na Agosti, na anza kabla ya saa mbili asubuhi. Vijijini kuna mabomba ya maji ya kunywa ya bure, jazeni chupa.

Mkulima wa Machakos

Nimesoma kwamba milima ile yote ina matuta ya mawe. Yanajengwa vipi na nani anayatunza? Huku Ukambani tunayajua matuta ya fanya juu, ila ya kule yanaonekana wima kabisa.

Mkwea Milima Meru

Bwana Mkulima, hilo ndilo swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu, kwa sababu bila matuta hayo vijiji visingekuwepo.

Watu wa kule wamekuwa wakikata mteremko kwa karibu miaka elfu moja na kuushika kwa kuta za mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kushikia. Mawe makubwa yanakaa chini, kila jiwe likilalia mawili, uso wa ukuta ukiinamia mlimani kidogo. Nyuma yake hujazwa kokoto na mawe madogo, unene wa kutosha, ndipo udongo wa shamba uwekwe. Kazi ya zile kokoto ni kupitisha maji. Ukuta wa saruji mahali pale unakufa haraka kwa sababu maji yanakosa pa kutokea, yanarundikana nyuma na kuusukuma. Ukuta wa mawe matupu ukiziba, unaanza kutoa tumbo. Tumbo likionekana, lazima ubomolewe kipande kile na kujengwa upya kabla ya mvua za vuli. Ustadi huu wa kujenga kwa mawe matupu uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi usioshikika, Italia ikiwa miongoni mwa nchi zilizouombea.

Tatizo ni mikono. Shamba haliingii trekta. Zabibu zinatolewa kwa vigari vya reli moja yenye meno, mtu anakaa mbele na makreti yanafuata nyuma, vinapanda mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria. Vijana wengi walihamia kazi za La Spezia, bandarini na viwandani, na siku hizi kukodisha chumba kwa mgeni kunalipa kuliko kulima. Shamba likiachwa, magugu na misonobari vinaingia, mizizi inafungua kuta, ukuta mmoja ukianguka unaangukia wa chini yake.

Tarehe 25 Oktoba 2011 ilinyesha mvua ya kutisha kwa saa chache. Matope na mawe vikashuka mabondeni. Vernazza ilifukiwa, barabara kuu ikajaa tope hadi ghorofa ya kwanza, Monterosso ikapigwa vilevile. Watu wanne walikufa katika vijiji hivyo viwili. Mito ya pale imefunikwa, inapita chini ya barabara unayotembelea, kwa hiyo maji yakizidi hayana njia nyingine ila juu.

Ndiyo maana jamani ninasisitiza: msikalie kuta, msipande kuta kutafuta picha, msikate njia kupita shambani. Jiwe moja la juu likitoka, mvua inaanzia hapo.

Na mgeni wa Oktoba na Novemba aangalie tahadhari ya hali ya hewa ya Liguria: njano, chungwa, nyekundu. Ikifika chungwa au nyekundu njia zinafungwa. Usibishane na kamba iliyofungwa njiani.

Nahodha wa Tanga

Niseme ya baharini, wengine mmeyagusa juu juu.

Boti za abiria zinafanya kazi kuanzia karibu na Pasaka hadi mwanzo wa Novemba, zikitoka La Spezia, Lerici, Portovenere na Levanto. Zinasimama Riomaggiore, Manarola, Vernazza na Monterosso. Corniglia haina gati. Kwa jinsi vijiji vilivyokaa, kuviona kutoka majini ndiko kuvielewa: unaona nyumba zilivyojibana kwenye mkunjo wa mlima ili uwanda mdogo wa juu ubaki wa kilimo.

Lakini boti haifungi gati kama mlivyozoea. Inaelekeza omo kwenye mwamba, inashusha daraja jembamba lenye magurudumu, mabaharia wawili wanakushika mkono, unapita. Kwa hiyo bahari ikichafuka kidogo tu boti inaruka kituo, na ikichafuka zaidi safari zinafutwa. Upepo wa kuogopa ni libeccio, wa kusini-magharibi: unapiga pwani hii usoni. Hata jua likiwa linawaka, wimbi lake linaweza kuwa limebaki. Msinunue tiketi ya boti ya kwenda na kurudi kabla ya kuuliza kibandani asubuhi hiyo. Nunua ya kwenda, rudi kwa treni.

Tazameni wenyeji wanachofanya na mashua zao. Riomaggiore zimepandishwa hadi barabarani, Manarola zinanyanyuliwa kwa winchi na kuwekwa juu uwanjani. Ukikuta uwanja umejaa mashua na bandari haina kitu, siku hiyo usiogelee. Kuogelea kwa Manarola ni kutoka mwambani, maji ni ya kina papo hapo, ngazi za chuma za kupandia ni chache. Viatu vya majini vinahitajika kwa ajili ya viumbe wa baharini wenye miiba.

Uvuvi wenyewe umepungua sana, ila Monterosso bado wanajulikana kwa acciughe, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wa kwetu kwa umbo na kwa namna ya kuvuliwa: usiku wa giza, taa inawashwa juu ya maji, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unazungushwa. Waliozoea karabai za Tanga na Mafia hawatahitaji maelezo. Wanaofaa kutiwa chumvi ni wa Juni na Julai. Wanatolewa kichwa na matumbo kwa vidole, bila kisu, siku ile ile. Wanapangwa kwenye chombo tabaka la samaki, tabaka la chumvi ya mawe, kila tabaka likipishana mwelekeo, juu wanawekewa kifuniko na jiwe la kugandamiza. Maji ya chumvi yanapanda yenyewe na lazima yawafunike daima, yakipungua samaki wa juu wanageuka rangi na kuchacha. Baada ya wiki sita hivi wanalika: oshwa, pasuliwa, toa mfupa, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, oregano.

Ummu Salma

Assalamu alaykum. Sisi tusiokula nguruwe wala pombe tunakula nini kule bila wasiwasi?

Nahodha wa Tanga

Waalaykumu salaam, Ummu Salma. Farinata ni salama: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, imeokwa kwenye sinia pana. Samaki wa kukaanga kwenye koni ya karatasi wapo kila kijiji. Focaccia, mkate bapa wa Liguria, kwa desturi ni ya mafuta ya zeituni, ila uliza "senza strutto?" kuhakikisha haina mafuta ya nguruwe. Pesto ni mchuzi wa mrehani, kitunguu saumu, njugu za msonobari, chumvi, mafuta na jibini. Jibini lake la parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, mwenye kuzingatia hilo alijue. Palipojificha pombe ni kwenye mchuzi wa samaki na kome, wanamwagia divai nyeupe jikoni na menyu haisemi. Sema "senza vino" (bila divai) kabla hawajaanza kupika.

Mzee wa Kigoma

Wadau, kulala huko ni lazima? Vyumba naona ghali.

Jabali la Pwani

Mzee wangu, si lazima, lakini msongamano mkubwa ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, wakati wageni wa meli za utalii na mabasi wamo. Anayelala La Spezia au Levanto kwa bei nafuu na kupanda treni ya saa moja asubuhi anapata karibu kila anachopata aliyelala kijijini. Mzigo mkubwa uachwe stesheni ya La Spezia, pana huduma ya kutunza. Masanduku ya magurudumu kwenye zile ngazi ni adhabu, na kelele zake zinawaamsha wenyeji.

Jioni mmalizie Manarola, kwenye kilima cha Punta Bonfiglio, dakika kumi kutoka bandarini. Jua linazama baharini na kijiji kinakutazama. Droni msije nazo, ndani ya hifadhi haziruhusiwi bila kibali.

Binti Mikindani

Na viza? Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aanze lini?

Mshika Bendera

Schengen dada, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kwa safari ya kiangazi anza Februari au Machi, miadi inajaa. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo anayelala Paris usiku sita na La Spezia usiku wawili aende kwa Wafaransa. Wanaoishi Muscat au Dubai wanaombea huko huko kwa kibali chao cha ukaazi. Na tangu Oktoba 2025 mpakani wameanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa mfumo mpya, foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo ukitua Milano au Pisa usikate treni ya saa moja baadaye. Acha saa tatu.